Damu inavyodhibitiwa katika upasuaji wa mzizi wa jino

WENGI huogopa upasuaji wa meno kwa sababu ya damu. Hata hivyo, katika upasuaji wa mzizi wa jino, damu hudhibitiwa si kwa usalama wa mgonjwa pekee bali pia ili jino lenyewe lipone.

Upasuaji huu hufanywa wakati jino ambalo mzizi wake umewahi kusafishwa ndani na kuzibwa linaendelea kutunga usaha. Daktari hupasua ufizi, hutoboa mfupa, hukata ncha ya mzizi kwa takriban milimita 3, kisha huziba tundu linalobaki. Damu ikijaa humo, haoni nyufa wala tundu analopaswa kuziba, na dawa ya kuziba huenda isishike vyema. Bakteria wakipata upenyo, uvimbe hurudi na huenda jino likang'olewa.

Kazi ya kuzuia damu huanza kabla ya kisu. Ganzi huchanganywa na adrenalini, ambayo hubana mishipa midogo ya damu. Daktari huidunga polepole na kusubiri dakika kadhaa kabla ya kupasua. Sindano inayodungwa baadaye, ufizi ukiwa tayari umefunguliwa, haifanyi kazi vizuri kama ya kwanza.

Mfupa ukiendelea kuvuja, daktari hukandamiza humo vipande vya pamba vilivyoloweshwa adrenalini, ambavyo ni sharti vitolewe vyote. Salfeti ya feri nayo hugandisha damu upesi, lakini isipooshwa kabisa huchelewesha kupona kwa mfupa.

Mgonjwa naye ana wajibu. Anapaswa kumweleza daktari iwapo anatumia aspirini, warfarini au dawa nyingine za kuzuia damu kuganda, au ana maradhi ya moyo, ini au shinikizo la damu. Asiache dawa hizo kwa hiari yake, kwani anaweza kupata kiharusi, hatari kubwa kuliko damu ya ufizi. Anayetumia warfarini hupimwa kwanza kasi ya damu yake kuganda.

Baada ya upasuaji, mate yenye wekundu kidogo si jambo la kutisha. Mgonjwa ajiepushe na sigara na asisukutue kwa nguvu. Damu ikizidi kutiririka hata baada ya kukandamizwa kwa kitambaa safi kwa dakika 20, arudi kwa daktari bila kukawia.