Kabla Hujafungua Duka Mtandaoni, Pima Jukwaa Kwanza

 

Siku hizi ukiuza chochote Lodwar ama Kakuma, huwezi kukosa mtu wa kukuambia, "Ingia mtandaoni bwana, wateja wako huko." Na hajakosea. Utafiti wa shirika la IFC uliotolewa mwaka 2018 ulihesabu biashara zaidi ya 2,000 Kakuma pekee, na kukadiria kwamba soko la huko lina thamani ya takriban Sh6 bilioni kwa mwaka. Kuna vikapu vya mkoma, shanga, samaki wakavu wa ziwani, nguo na simu. Mtu wa Nairobi anayetaka kikapu cha Turkana hana haja ya kusafiri hadi Lodwar kukinunua.

Lakini kuna jambo ambalo wanaokuhimiza hulisahau. Duka la mtandaoni karibu kila mara ni kibanda ulichojenga kwenye ploti ya mtu mwingine. Mwenye ploti anaweza kuongeza kodi, kubadilisha masharti, kukufungia mlango, ama kufilisika yeye mwenyewe. Kwa hivyo, kabla ya kujisajili popote, jiulize swali hili moja:

Jukwaa hili likifungwa kesho asubuhi, mimi nitabaki na nini mkononi?

Vitu vya kuangalia ni vinne: pesa zako, wateja wako, jina lako na rekodi zako. Tuvipitie polepole.

Majukwaa hufungwa, hata yale makubwa

Usidhani ni maneno ya kutisha watu. Jumia ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019. Desemba 2023 ikafunga huduma yake ya kuuza chakula, Jumia Food, Kenya ikiwemo. Kampuni ya Copia, iliyojijengea jina kwa kuwafikia wateja wa vijijini kupitia mawakala wa mtaani, iliwekwa chini ya wasimamizi Mei 2024. Sky.Garden, jukwaa la wafanyabiashara wadogo wa hapa Kenya, lilitangaza mwaka 2022 kwamba linafunga, kisha likanunuliwa na Lipa Later. Machi 2025, Lipa Later yenyewe ikawekwa chini ya wasimamizi.

Hatusemi kampuni hizi zilikuwa mbaya. Tunasema tu kwamba ukubwa wa jina si dhamana. Uza huko, lakini usiweke kila kitu huko.

Hata mitandao ya kijamii tunayoiona kama ya bure ina siku zake. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika kwa takriban saa sita dunia nzima. Aliyekuwa na namba za wateja wake kwenye daftari alipiga simu na kuendelea na kazi. Aliyekuwa nazo WhatsApp pekee alikaa akingoja.

Pesa zako zinalala wapi?

Hili ndilo la kwanza kuuliza. Kwenye majukwaa mengi makubwa, mteja akilipa, pesa haziji kwako moja kwa moja. Zinaingia kwa jukwaa, linakata chake, kisha linakulipa baada ya siku kadhaa. Kuna sababu nzuri ya hilo, maana mteja anapata kinga kama mzigo haukufika. Lakini siku hizo zote, wewe ndiye unayelikopesha jukwaa.

Na likianguka? Chini ya Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015, kampuni ikiwekwa chini ya wasimamizi, huwezi kuishtaki hivi hivi bila idhini ya msimamizi ama ya mahakama. Wewe muuzaji unakuwa mdai asiye na dhamana. Benki iliyoshika dhamana inatangulia, nawe unasubiri nyuma ya foleni. Kwa mtu ambaye mtaji wake wote ni Sh20,000, kusubiri huko ndiko kufunga biashara.

Fanya hivi: uliza malipo hutoka kila baada ya siku ngapi, kisha weka kikomo chako. Kwa mfano, "Sitaacha zaidi ya Sh5,000 ndani ya jukwaa lolote." Ukifika hapo, toa pesa zije kwenye laini yako kabla ya kutuma mzigo mwingine.

Piga hesabu ya makato yote, si kamisheni pekee

Wacha tuseme unauza kikapu kwa Sh1,500. Viwango hivi vya kamisheni na nauli ni vya mfano tu, wewe weka vyako.

- Kamisheni ya jukwaa, tuseme asilimia 15: Sh225
- Kodi ya zuio ya asilimia 5: Sh75
- Kusafirisha hadi Nairobi: Sh200
- Kufungasha: Sh50

Makato yote ni Sh550. Unabaki na Sh950. Kama kusuka kikapu hicho kulikugharimu Sh800, faida yako ni Sh150.

Sasa mteja arudishe kikapu kimoja, na masharti yaseme nauli ya kwenda na kurudi ni yako. Hata ukirudishiwa kamisheni na kodi, umetumia Sh200 ya kwenda, Sh200 ya kurudi na Sh50 ya kufungasha. Jumla Sh450. Hiyo ni faida ya vikapu vitatu. Kutoka Lodwar hadi Kitale peke yake ni karibu kilomita 300, na Kakuma iko kama kilomita 120 mbele ya Lodwar. Sheria ya kurudisha bidhaa iliyoandikwa kwa ajili ya muuzaji wa Nairobi inaweza kukumaliza wewe uliye huku.

Kuna na majukwaa unayoyakodi kwa mwezi, kama Shopify, ambayo mara nyingi hutoza kwa dola. Tuseme ada ni dola 30. Mapema mwaka 2024 dola ilikuwa karibu Sh160, kwa hivyo ungelipa Sh4,800. Miezi michache baadaye dola ilishuka hadi karibu Sh130, ukalipa Sh3,900. Ada ni ileile, lakini tofauti ni Sh900. Wewe unauza kwa shilingi, kwa hivyo dola ikipanda, hasara ni yako.

Soma masharti, angalau sehemu tatu

Tunajua, hakuna mtu husoma vile vigezo na masharti virefu. Basi soma sehemu tatu tu.

*Kufungiwa akaunti.* Je, wanaweza kukufungia bila kukueleza sababu? Wakikufungia, pesa zilizo ndani unazipata lini?

*Kubadilisha masharti.* Je, watakujulisha kabla ya kupandisha kamisheni, ama utaona tu makato yameongezeka?

*Kukizuka ugomvi.* Unaamuliwa wapi? Kenya tuna Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni na inatakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 60. Hiyo ni njia nzuri kwa mfanyabiashara mdogo. Lakini kama masharti uliyokubali yanasema ugomvi utaamuliwa na msuluhishi Nairobi ama mahakama ya nchi nyingine, haki yako imeshakuwa mbali. Kwa deni la Sh8,000, nani atapanda ndege?

Kwa mfanyabiashara mkimbizi wa Kakuma ama Kalobeyei jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu kutoka nje ya kambi kunahitaji kibali cha Idara ya Huduma za Wakimbizi. Chagua jukwaa ambalo malalamiko yake yanashughulikiwa kwa simu ama barua pepe, na ulijaribu kabla ya kuuza. Watumie swali dogo. Wakichukua wiki mbili kujibu swali, watachukua muda gani kukulipa?

Kila kitu kiwe kwa jina lako

Hapa ndipo wengi huchomeka. Laini ya kupokea malipo imesajiliwa kwa jina la shemeji. Akaunti ya duka ilifunguliwa na kijana wa saiba kwa barua pepe yake. Anwani ya tovuti, ile inayoishia na .co.ke, imesajiliwa kwa jina la fundi aliyekutengenezea. Mkielewana, mambo ni sawa. Mkikosana, laini ni ya aliyeisajili, na yeye ndiye anaweza kuibadilisha, kuifunga ama kutoa pesa. Utaanza kueleza kwa mdomo kwamba biashara ni yako.

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 inatambua haki ya mkimbizi kufanya kazi na biashara. Kwa hivyo kama una kitambulisho cha mkimbizi, sajili laini kwa jina lako mwenyewe. Pia uliza jukwaa mapema kama linakubali kitambulisho hicho. Ni vibaya kuuza mwezi mzima halafu wakati wa kutoa pesa ndio unaambiwa ulete kitambulisho cha taifa.

Na wateja je? Wanunuzi wa jukwaa ni wa jukwaa. Mteja akishanunua kwako, muombe ruhusa ya kuweka namba yake kwenye daftari lako. Angalia tu kwanza kama masharti ya jukwaa yanakuruhusu kuwasiliana naye nje.

Sheria inakutambua wewe kama muuzaji

Wengi hudhani jukwaa ndilo lenye mzigo wa sheria. La. Mambo matatu yanakuhusu wewe:

1. Kodi. Tangu mwisho wa Desemba 2024, wenye majukwaa ya kidijitali wanatakiwa kukata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa muuzaji mkaaji wa Kenya. Hifadhi kila rekodi ya makato hayo, ndiyo ushahidi wako kwa KRA. Na mauzo yako yote yakizidi Sh1 milioni kwa mwaka lakini hayajavuka Sh25 milioni, kuna ushuru wa TOT, ambao umekuwa asilimia 3 ya mauzo tangu Julai 2023. Sheria za kodi hubadilishwa karibu kila mwaka, kwa hivyo hakikisha viwango kabla ya kupanga bei. Leseni ya biashara ya kaunti nayo haikomi kukuhusu kwa sababu tu unauza kwa simu.

2. Haki za mnunuzi. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inamtaka anayeuza kupitia intaneti amweleze mnunuzi habari muhimu kabla hajakubali, ampe nafasi ya kurekebisha makosa, na ampe nakala ya makubaliano. Kwa hivyo andika bei kamili, nauli, siku za kufika na jinsi ya kurudisha. Ujumbe wa WhatsApp ulioandikwa vizuri ni bora kuliko "njoo inboksi".

3. Data za watu. Jina, namba na picha ya mteja ni data inayolindwa na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza shule moja Sh4.55 milioni kwa kutumia picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na klabu moja Sh1.85 milioni kwa kuchapisha picha ya mteja bila ruhusa yake. Biashara yenye mauzo ya chini ya Sh5 milioni na wafanyakazi wasiofika 10 kwa kawaida hailazimiki kujisajili na ofisi hiyo, lakini sheria yenyewe bado inaifunga. Kabla ya kuweka picha ya mteja amebeba kikapu chako, muulize.

Maswali saba ya kuweka kwenye simu yako

- Pesa zangu hukaa kwa jukwaa siku ngapi?
- Makato yote kwa bidhaa moja ni shilingi ngapi, kodi na nauli zikiwemo?
- Nauli ya kurudisha ni ya nani?
- Wanaweza kunifungia bila kunieleza?
- Ugomvi unaamuliwa wapi?
- Laini, akaunti na tovuti ni kwa jina la nani?
- Nina nakala ya mauzo, picha na namba za wateja nje ya jukwaa?

Ukikosa jibu kwa maswali mawili ama zaidi, usikimbilie. Anza na bidhaa tano, si hamsini. Uza kwa mwezi mmoja, toa pesa zako angalau mara mbili, kisha uamue. Na kila Ijumaa jioni, nakili mauzo ya wiki kwenye daftari: tarehe, bidhaa, kiasi, namba ya muamala. Ni dakika kumi tu, na likitokea la kutokea, hilo daftari ndilo biashara yako.

Jambo la mwisho kwa upande wa malipo. Kabla ya kutuma mzigo, angalia salio kwenye laini yako ama kwenye namba yako ya Till, usiamini picha ya ujumbe uliotumiwa na mteja. Na PIN yako ni yako peke yako. Sisi hatutakuuliza, na jukwaa la kweli pia halitakuuliza.

Uuze salama!