Amortisere ya Motoka ya Kuunganisha: Kuifunga na Kuirekebisha



Wengi munauliza juu ya ile motoka isiyo na sura iliyo mu garaji ya wanafunzi wa mekaniki. Ni motoka ya kuunganisha: shasi ni ya mabomba tuliyolehemu sisi wenyewe (Panda ilikua kando ya viwanda vya shaba, mafundi wa kutufundisha kulehemu hawakosi), injini na magurudumu yametoka kwa Toyota ya zamani. Kazi ya namna hii si mpya. Kule Uingereza, tangu 1957, Lotus iliuza Seven yake kwa vipande, mutu anaiunganisha nyumbani, juu motoka ya vipande haikulipiwa kodi ya mauzo. Yetu itapeleka wagonjwa wa internati ku hospitali. Njo maana tunabishana sana juu ya amortisere.

Kuko wanaosema: tufunge zile za kamyoneti kubwa, ziko na nguvu. Hapana. Anayebeba motoka ni resori. Amortisere inatuliza resori tu: pistoni inapita ndani ya mafuta kwa matundu madogo, na mwendo ule unageuka joto. Ya kamyoneti ilitengenezwa kwa uzito mwingi. Ukiifunga kwa motoka nyepesi, gurudumu linakuwa gumu, na kwenye njia ya udongo mwekundu yenye mikunjo kama bati, pine inaruka badala ya kufuata njia. Pine iliyo hewani haina freni, haina usukani, na mgonjwa iko nyuma.

Kwanza urefu. Tunatoa resori, tunainua gurudumu mpaka kauchu ya kuzuia igonge shasi, tunapima nafasi kati ya bulo ya juu na ya chini. Kisha tunaacha gurudumu lishuke mpaka mwisho wake, tunapima tena. Amortisere ikibanwa yote iwe fupi kuliko kipimo cha kwanza. Ikivutwa yote iwe ndefu kuliko cha pili. Tunaacha sentimeta 1 ao 2 kila upande. Bila hivyo, amortisere yenyewe njo inakuwa kizuizi, na siku moja inang'oa shikio lake kwenye shasi.

Kisha kusimama kwake. Ikilala digri 30 kutoka wima, gurudumu linapata robo tatu ya nguvu yake. Ikilala digri 45, nusu tu. Mwenye kushangaa achukue kosini, aizidishe kwa kosini ile ile. Na ukiifunga katikati ya mkono wa gurudumu, inafika robo! Basi, karibu na gurudumu na wima, kadiri nafasi inavyoruhusu.

Kabla ya kuifunga, ile ya mafuta unaishika wima, unaivuta na kuisukuma mara 5 hivi, hewa itoke. Bulo za kauchu usizikaze motoka ikiwa juu ya kriki. Ishushe, isimame kwa uzito wake, njo ukaze. Ukikaza juu, kauchu inabaki imepindika siku zote na inachanika mbio. (Wa darasa la kwanza, kriki hamuigusi.)

Zetu za nyuma ziko na kifungo cha kuzungusha. Tunaanza kwa ulaini, kushoto na kuume sawasawa, tunageuza hatua moja moja, tunapita njia ile ile, na tunaandika mu kayée. Motoka ikinesanesa mara mbili tatu kiisha shimo, kaza. Ikizidi kuinama kwenye mikunjo, ni kusema resori haipate wakati wa kurudi juu: legeza. Mafuta yakionekana inje ya bomba, hakuna kifungo kitakachosaidia, zinabadilishwa zote mbili, ya kushoto na ya kuume.

Majaribio tutayafanya na watu wane ndani, si motoka tupu, juu mgonjwa hapandi peke yake. Tunaanza nyuma Siku ya Posho, kiisha masomo. Wenye mita waje nayo.