Mpaka ulifungwa, figo hazikungoja

Kwa mfanyabiashara ambaye figo zake zimeshindwa kazi, wiki haihesabiwi kwa siku za gulio. Inahesabiwa kwa siku za mashine. Kama zamu yake ni Jumatatu na Alhamisi, mzigo wa mitumba au vitunguu utavushwa Jumanne, madeni yatafuatwa Jumatano, na Alhamisi asubuhi lazima awe kitandani, sindano mbili mkononi, kwa saa nne hivi. Akicheleweshwa Namanga au Malaba kwa sababu ya karatasi ya forodha, yeye anaweza kumsamehe ofisa. Mwili wake hausamehi.

Ndiyo maana korona iliwapiga watu hawa kwa namna yake. Mwenye afya aliambiwa abaki nyumbani, akabaki, akala mtaji wake taratibu. Mgonjwa wa figo naye aliambiwa abaki nyumbani, lakini kubaki kwake kulikuwa na ukomo wa siku tatu, nne, labda tano.

Figo nzima huchuja damu usiku na mchana, hutoa maji ya ziada na kupima chumvi za mwilini. Zikishindwa kabisa, kazi hiyo hufanywa na mashine: damu hutolewa mshipani, hupitishwa kwenye chujio, kisha hurudishwa. Kipimo kinachokubalika kwa wengi ni mara tatu kwa wiki. Katika nchi zetu wengi huenda mara mbili, si kwa ushauri wa daktari bali kwa ushauri wa mfuko. Nchini Kenya, bima ya taifa ya wakati huo, NHIF, ililipia vipindi viwili kwa wiki. Anayekosa kimoja huanza kuvimba miguu, kisha maji hupanda mapafuni. Hatari nyingine haionekani kabisa: potasiamu hujaa katika damu hadi mapigo ya moyo yakavurugika, na moyo unaweza kusimama ghafla.

Sasa rudisha kalenda hadi Machi 2020. Kongo ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza tarehe 10, Kenya tarehe 13, Rwanda 14, Tanzania 16, Uganda 21, na Burundi ikafunga mwezi tarehe 31. Kabla ya mwezi kwisha Kenya ilikuwa na amri ya kutotoka nje kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Uganda ilisimamisha magari ya abiria, kisha hata magari binafsi, na mgonjwa aliyetaka kwenda hospitali kwa gari alihitaji kibali cha mkuu wa wilaya, yule anayeitwa RDC. Bodaboda walikatazwa kupakia watu.

Ukitazama amri hizo kwa macho ya mgonjwa wa mashine, unaona mara moja zinapobana. Vyumba vya kusafishia damu hufanya kazi kwa zamu kwa sababu mashine ni chache. Anayeanza saa kumi jioni humaliza saa mbili usiku, saa nzima ndani ya amri. Anayekaa Busia upande wa Uganda na kutegemea hospitali ya serikali ya Kiruddu, Kampala, ana safari ya kilomita karibu 200 kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Kibali cha safari moja hakimfai mtu mwenye safari mbili kila wiki, mwaka mzima.

Kisha kuna mpaka wenyewe. Kenya ilikuwa imeanza mwaka 2015 mpango wa kupeleka vifaa vikubwa vya tiba, zikiwemo mashine za kusafisha damu, katika hospitali za kaunti. Mpango huo ulikuwa na kelele zake za kisiasa, lakini ulisogeza mashine karibu na wakazi wa mipakani. Mei 16, 2020 Kenya ilifunga mpaka wake na Tanzania, isipokuwa kwa malori ya mizigo. Madereva wa malori walipimwa, walipanga foleni, waligombaniwa na wakubwa wa pande zote mbili hadi utaratibu ukapatikana. Hilo lilikuwa jambo jema, maana bila lori hakuna unga dukani. Ila mtu mwenye barua ya hospitali mkononi hakuwa mzigo wala dereva, na tangazo halikumtaja.

Virusi vyenyewe vilimkuta mgonjwa huyu akiwa dhaifu tayari. Sumu zinazobaki katika damu hupunguza nguvu ya kinga. Wengi wana kisukari au shinikizo la damu, magonjwa ambayo ndiyo mara nyingi yaliyoua figo zao. Isitoshe hukaa na wenzao chumba kimoja kwa saa nne, pua kwa pua ikiwa madirisha yamefungwa. Takwimu zilizokusanywa Ulaya kati ya Februari na Aprili 2020, kwa zaidi ya wagonjwa 3,000 wa kusafishwa damu walioambukizwa, zilionyesha kuwa takriban mmoja kati ya watano alifariki ndani ya siku 28 kwa sababu ya korona. Hizo ni nchi zenye vitanda vya wagonjwa mahututi vingi kuliko vyetu.

Mpakani palikuwa na mtego mwingine unaozungumzwa kidogo. Ofisa wa afya alisimama na kipimajoto, akitafuta homa. Mgonjwa wa figo anaweza kuwa na korona bila homa kali, kwa kuwa mwili wake hauna nguvu ya kuipandisha, akapita. Na kinyume chake, aliyekosa kipindi kimoja cha mashine hufika akihema na kukohoa kwa sababu ya maji mapafuni. Kwa macho dalili hizo zafanana sana na za korona. Mtu wa namna hiyo akiwekwa karantini kusubiri majibu siku mbili au tatu bila mashine, anaweza kufa kwa potasiamu huku majibu yakija kusema hana virusi. Kwa hiyo neno la kwanza la kumwambia ofisa, kabla ya jina na kabla ya pasi, ni kwamba mimi ni mgonjwa wa mashine na siku yangu ni fulani. Hospitali zenye uzoefu hazikusimamisha huduma kwa aliyeambukizwa: alipewa zamu ya mwisho au mashine ya pembeni, barakoa usoni, madirisha wazi.

Nyumbani nako mambo yalichanganyika. Tanzania ilipiga nyungu, na kote katika ukanda huu watu walichemsha tangawizi, malimao na vitunguu saumu, wakanywa vikombe kwa vikombe. Kwa mwenye figo nzima kikombe cha tangawizi hakina shida. Kwa mgonjwa wa mashine asiyepata tena mkojo, kila kikombe ni maji yanayobaki mwilini hadi siku ya zamu, na juisi ya matunda ina potasiamu. Wengi hupangiwa kati ya nusu lita na lita moja tu ya vinywaji kwa siku, chai na uji vikiwemo. Jirani mwema mwenye chupa ya lita mbili ya dawa ya kienyeji hajui hilo, na mgonjwa huona haya kukataa.

Kuna kundi jingine, kubwa zaidi, ambalo halijafika kwenye mashine na halijui kuwa liko njiani. Mwanamke anayebeba marobota mchana kutwa Mutukula au Rusumo hulala na maumivu ya mgongo, na hununua diklofenaki au ibuprofeni duka la dawa bila kuulizwa swali. Vidonge hivyo vikitumiwa mfululizo na mtu mwenye shinikizo la damu au kisukari huzidi kuziumiza figo. Wakati wa korona vilimezwa pia kwa ajili ya homa. Kipimo cha mkojo na cha kreatinini ya damu havichukui muda mrefu, na mfanyabiashara anayepima presha angalau kila miezi michache yumo katika hesabu nzuri kuliko yule anayengoja miguu ivimbe.

Chanjo zilipofika mwaka 2021, wagonjwa wa mashine walitajwa miongoni mwa walio hatarini zaidi. Miili yao hujenga kinga kidogo kuliko ya wengine, jambo lililojulikana tangu zamani kwa chanjo ya homa ya ini aina ya B, ambayo wao hupewa dozi kubwa zaidi. Kwa sababu hiyo hushauriwa dozi za nyongeza za korona. Aliyechanjwa mara moja miaka mitatu iliyopita na kudhani amemaliza aulize tena kwenye kitengo chake.

Shirika la Afya Duniani liliondoa hali ya dharura ya korona Mei 2023, lakini virusi bado vipo, na vipimajoto havijaondoka mipakani. Ebola ilizuka Uganda mwaka 2022, Marburg ikazuka Kagera mwaka 2023 na tena 2025, na homa ya nyani ikasambaa katika ukanda huu mwaka 2024. Kila mara foleni hurefuka, na kila mara wapo kwenye foleni watu wenye saa inayohesabu ndani ya damu.

Anayesafiri na mzigo hupanga mambo ya stoo na usafiri mapema, na zamu ya mashine upande wa pili hupangwa vivyo hivyo. Hospitali ya ugenini itataka barua yenye uzito wake baada ya kutolewa maji, aina ya chujio na dawa ya kuzuia damu kuganda, hali ya mshipa au mpira wake, na majibu ya karibuni ya homa ya ini B na C na ya VVU, kwa kuwa mwenye homa ya ini B huwekwa kwenye mashine yake peke yake. Bila majibu hayo anaweza kurudishwa mlangoni hata kama ana fedha. Na fedha lazima awe nazo: kadi za bima za serikali zetu zimejengwa kwa hospitali za ndani, na soko la pamoja lililoanza Julai 2010 bado halijaifanya kadi ya Nairobi ilipie kitanda cha Arusha. Nakala ya barua ikae kwenye simu na nyingine ya karatasi kwenye pochi, pamoja na namba ya kitengo, kwa sababu simu huisha chaji hapo hapo foleni inaposimama.