Nani Ameshika Kipanya?

Kwa muda wa miaka 13 nimekuwa nikiwafundisha walimu namna ya kusomesha kwa kompyuta, na katika muda huo sikumbuki mkutano hata mmoja wa wazazi ambao hakusimama mtu mmoja mwenye heshima zake, akakohoa, akaniuliza: "Mwalimu, mbona watoto wa kike hawana mwelekeo wa mashine hizi? Si ndivyo walivyoumbwa?" Nimekwisha kulijibu swali hilo kwa upole, nimekwisha kulijibu kwa mzaha, na leo nalijibu kwa maandishi, ili atakayeniuliza tena nimkabidhi ukurasa huu niende zangu.

Anayeuliza kwa nini wasichana hawapendi amekwisha kukata shauri kwamba hawapendi, ilhali hajamsikiliza shahidi yeyote. Basi na tuwasikilize mashahidi, maana wapo.

Shahidi wa kwanza ni historia. Kompyuta iliyoitwa ENIAC, yenye uzito wa tani 30 hivi, ilipodhihirishwa kwa watu mjini Philadelphia, Marekani, mwezi wa Februari 1946, waliokuwa wameitayarisha kukokotoa hesabu zake walikuwa wanawake sita: Kathleen McNulty, Jean Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff, Frances Bilas na Ruth Lichterman. Hawakuwa na lugha ya kuiandikia programu, kwa sababu ilikuwa bado haijatungwa. Walidurusu michoro ya mafundi, wakachomeka nyaya na kugeuza swichi kwa mikono yao wenyewe, hata mashine ikatii. Usiku ikafanywa karamu ya kusherehekea kazi hiyo, na wao hawakualikwa. Asiyealikwa karamuni aghalabu haandikwi kitabuni, na asiyeandikwa kitabuni wajukuu husema hakuwapo.

Shahidi wa pili ni hesabu. Huko huko Marekani, mwaka 1984, wanawake walikuwa kadiri ya asilimia 37 ya waliopata shahada ya kwanza ya elimu ya kompyuta. Kufikia mwaka 2010 walikuwa wamepungua hata karibu asilimia 18. Lau jambo hili lingalikuwa la maumbile, ile nusu iliyopotea ingalitoka wapi, nayo ikaenda wapi? Jane Margolis na Allan Fisher, waliowahoji wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, waliona kwamba kompyuta ya nyumbani mara nyingi iliwekwa chumbani mwa mtoto wa kiume, naye alifika chuoni amekwisha kuizoea, huku dada yake akidhaniwa hana kipaji. Chuo kikaacha kuwapendelea waliokwisha kujua programu, kikaweka masomo ya kuanzia kwa kila daraja ya ujuzi. Na wasichana, waliokuwa asilimia 7 ya wanafunzi wapya wa kompyuta mwaka 1995, walifika asilimia 42 mwaka 2000. Maumbile ya binadamu hayageuki kwa miaka mitano.

Shahidi wa tatu hana haja ya kuvuka bahari. Ofisi zetu zimejaa wahazili wa kike tangu zamani, Tabora palikuwa na chuo kizima cha uhazili, na katika siku zote hizo sikupata kumsikia mtu akidai kwamba vidole vya mwanamke vinaiogopa taipureta. Tazama sasa kibodi ya kompyuta: herufi zimepangwa vilevile, Q ikitangulia na W ikifuata. Mashine ilipokuwa ya kuandikia barua za bwana mkubwa, mwanamke aliumbiwa. Ilipoanza kuleta mshahara wa bwana mkubwa, akawa hakuumbiwa. Hayo ni maumbile ya namna gani?

Mwaka jana niliketi nyuma ya darasa moja la kidato cha pili, wanafunzi 48 na mashine 12, nikaacha kusikiliza somo nikahesabu mikono. Katika meza 10 kipanya kilishikwa na mvulana kutoka mwanzo wa kipindi hata mwisho wake, na wasichana walishika kalamu, wakinakili daftarini hatua ambazo wenzao walikuwa wakizitenda. Msichana mmoja alinyoosha mkono akakigusa. Jirani yake akakivuta bila hata kumtazama, kama mtu afukuzaye nzi. Yule binti akarudisha mkono, akachukua rula, akapigia mstari kichwa cha habari. Kengele ilipolia mwalimu aliniambia kwa fahari kwamba wasichana wake wana hati nzuri sana.

Wala msiniletee ile dawa ya vichochoroni, semina ya siku moja ya kuwatia wasichana moyo, yenye fulana za waridi, hotuba na picha ya pamoja. Moyo binti yule alikuwa nao. Alichokosa ni kipanya.

Ya kutenda ni machache, na mengi hayana gharama. Kipanya kibadilishe mikono kila baada ya dakika 10, kwa saa ya ukutani wala si kwa hisani. Zamu ziandikwe zibandikwe mlangoni. Mazoezi yawekwe ndani ya saa za masomo, wala si jioni, wakati binti ameitwa kuteka maji. Waliokwisha kujua wapewe kazi yao, wanaoanza wapewe yao. Ufunguo wa chumba cha kompyuta akabidhiwe kiranja wa kike kwa muhula mmoja, wa kiume kwa unaofuata. Na mwalimu ahesabu anaowauliza maswali, kwa majina.

Nawe, mzazi mwenzangu, kabla hujasimama tena kukohoa mkutanoni, fikiri kwanza habari ya nyumbani kwako jana usiku: ni mtoto yupi aliyeshika simu akijisomea, na ni yupi aliyekuwa akiosha vyombo. Njoo na majina mawili hayo, nami sitakuwa na la kuongeza.