Timu ya Mkoa: Ngazi ya Ligi na Jina la Singida

Leo twapenda kuwaeleza habari za mpira wa miguu. Hatutahesabu magoli, twataka kutazama jinsi timu ya mkoa inavyopanda hata kuingia katika Ligi Kuu, na jinsi inavyoweza kushuka au kuhama. Watu wa Singida wanayo sababu ya kuijua habari hii kuliko wengi, kwa maana tangu mwaka 2017 jina la mkoa wao limevaliwa na timu tatu mbalimbali katika ligi hiyo. Mtoto akiuliza, “Je, hii ndiyo ile ya zamani?” hapana budi mzazi awe na jibu.

Kwanza yatupasa kufahamu kwamba kila nchi ina desturi yake ya kuzipanga timu. Katika Marekani upo mchezo uitwao besiboli, ambao mtu hupiga mpira mdogo kwa gongo. Huko ziko ligi kubwa mbili, na mwaka 1969 kila moja iligawanywa sehemu mbili, Mashariki na Magharibi. Mwaka 1994 ikaongezwa sehemu ya tatu, ya Kati. Katika ligi hizo timu haishuki daraja hata ikishindwa mwaka mzima. Walakini mwenye timu aweza kuihamisha. Timu ya Dodgers, iliyopendwa sana na watu wa Brooklyn, ilicheza huko mwisho mwaka 1957, na mwaka uliofuata ikawa ya Los Angeles, ng’ambo ya pili ya nchi.

Kwetu desturi ni ya ngazi. Chini kabisa ni ligi ya wilaya. Bingwa wake hupata njia ya kuingia ligi ya mkoa. Mabingwa wa mikoa hukutana wao kwa wao, na washindi huingia madaraja ya taifa, hata kufika Ligi ya Championship, ambayo zamani iliitwa Daraja la Kwanza. Juu yake ni Ligi Kuu. Anayefanya vema hupanda, anayeshindwa hushuka. Kwa sheria hiyo kijana anayecheza katika uwanja wa vumbi huko Iramba au Manyoni amefungwa kwa uzi mmoja na kijana anayecheza mbele ya maelfu Dar es Salaam.

Ligi ya taifa ilianza mwaka 1965, na bingwa wa kwanza alikuwa Sunderland ya Dar es Salaam, ambayo tangu mwaka 1971 yaitwa Simba. Miaka kumi ya kwanza kombe halikutoka katika mji huo. Ndipo mwaka 1975 Mseto ya Morogoro ikalichukua. Baadaye Tukuyu Stars ya Mbeya ilikuwa bingwa mwaka 1986, Coastal Union ya Tanga mwaka 1988, na Mtibwa Sugar ya Morogoro mwaka 1999 na 2000. Basi si kweli kwamba mikoa haiwezi. Lakini ni kweli kwamba kwao njia ni ndefu.

Sasa na tuje Singida. Katika msimu wa 2016/17 Daraja la Kwanza liligawanywa makundi matatu, A, B na C, na mshindi wa kila kundi alipanda. Walipanda Lipuli ya Iringa, Njombe Mji ya Njombe, na Singida United, ambayo watu waliipa jina la Walima Alizeti kwa ajili ya zao la mkoa. Mwalimu wake alikuwa Mholanzi, Hans van der Pluijm. Msimu wake wa kwanza timu ilimaliza ya tano, na mwezi wa Juni 2018 ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho kule Arusha, ikafungwa na Mtibwa Sugar magoli 3 kwa 2. Walakini mwaka ule ule mwalimu alihamia Azam, na wachezaji nao wakatawanyika. Mwaka 2020 Singida United ikashuka. Hivyo timu iliyopanda ngazi kwa jasho lake haikuweza kukaa juu zaidi ya misimu mitatu.

Miaka miwili baadaye jina lilirudi kwa njia nyingine. Mwaka 2022 timu mbili zilipanda kutoka Championship: ya kwanza Ihefu, ya Mbarali katika Mbeya, ya pili DTB ya Dar es Salaam. DTB ilihamia Singida na kuitwa Singida Big Stars, ikamaliza msimu ikiwa ya nne, na Januari 2023 ikafika fainali ya Kombe la Mapinduzi kule Zanzibar, ikashindwa na Mlandege. Mwaka 2023 ikabadilishwa jina, ikawa Singida Fountain Gate. Mwaka 2024 ikaacha kabisa jina la Singida, ikaenda Babati katika Manyara.

Ihefu nayo ilikuwa imejipatia sifa: tarehe 29 Novemba 2022 iliifunga Yanga magoli 2 kwa 1, ikaukatisha mwendo wake wa michezo 49 ya ligi bila kufungwa. Watu wa Mbarali walifurahi sana. Lakini mwaka 2024 timu hiyo ilihamishwa Singida, ikaitwa Singida Black Stars. Ajabu ni hii, kwamba timu zote mbili zilizopanda pamoja mwaka 2022 zilikuja kuvaa jina moja la mkoa, na hapana hata moja iliyoanzia katika ligi ya mkoa huo.

Je, hilo ni baya? Tusiharakishe kuhukumu. Septemba 2025 Singida Black Stars iliifunga Al Hilal ya Sudan magoli 2 kwa 1 katika fainali ya Kombe la Kagame, mashindano ya vilabu vya Afrika Mashariki na Kati. Kombe lile lilipewa jina la Singida, na furaha ya watu ilikuwa ya kweli. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tena uwanja wa Liti, ambao zamani uliitwa Namfua, ulipata watazamaji, na mama lishe walipata riziki.

Walakini tusisahau machozi ya Mbarali. Furaha iliyokuja Singida kwa njia ya barabara ilitoka mahali, na kwa barabara ile ile yaweza kuondoka, kama ile ya Big Stars ilivyoondoka. Wazee husema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Kwa upande wa pili, Singida United yatufundisha kwamba mizizi peke yake haitoshi: alizeti iliyopandwa vizuri nayo hunyauka ikikosa mvua. Timu hutaka mambo mawili, asili na matunzo. Fedha zaweza kununua matunzo, asili hainunuliwi.

Asili hiyo huanzia katika ligi ya wilaya, ambayo wengi wetu hatuitazami. Basi shangilieni timu kubwa, maana ni haki yenu. Lakini siku timu ya kijiji chenu inapocheza, nendeni pia. Wanafunzi, andikeni majina ya wachezaji na matokeo, yasipotee. Wazee, simamieni hesabu za chama, kila shilingi ijulikane imekwenda wapi. Timu itakayopanda kwa njia hiyo yaweza kuchelewa kufika, lakini ikifika, watu watakuwa na haki ya kusema hii ni yetu.