Kasumbalesa: Baridi na mpaka, majaribu ya vifaranga wa nyumbani

Kasumbalesa, kwenye mpaka na Zambia, jamaa zinafuga kuku ndani ya parsele. Vifaranga wa siku moja mara nyingi wanatoka ng'ambo, ndani ya makarito. Safari hiyo inawezekana kwa sababu kifaranga anaanguliwa akiwa bado na kiini cha yai tumboni, kinachomlisha siku mbili ama tatu. Mwezi wa nane 2024, Zambia ilifunga mpaka kwa siku chache, katika mzozo wa bia na vinywaji vitamu. Siku hizo chache zinatosha kuua karito nzima.

Wakiisha kufika, kazi ni joto: nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, kisha kupunguza kidogo kidogo. Mwezi wa sita na wa saba usiku ni baridi, na umeme wa SNEL unakatika. Wengi wanawasha mbabula. Inasaidia, lakini nyumba ikifungwa kabisa, hewa ya makala inaua vifaranga, hata watu. Kipimo kizuri ni vifaranga wenyewe: wakirundikana, wanasikia baridi, wakitawanyika pembeni midomo wazi, joto limezidi.

Chanjo ya kideri inaanza karibu siku ya saba.