Punguzo la Umma Lisifutwe na Kalenda

Mpangaji wa halmashauri nchini England anaponunua nyumba anayoishi, halipi bei ya soko. Tangu Sheria ya Makazi ya 1980, ya serikali ya Margaret Thatcher, bei hupunguzwa kadiri ya miaka aliyokaa kama mpangaji, na karibu nyumba milioni 2 zimetoka mikononi mwa umma kwa njia hiyo. Scotland iliifuta haki hiyo ya mpangaji kununua mwaka 2016 na Wales mwaka 2019. England ingali nayo. Mjadala mwingi huwa juu ya ukubwa wa punguzo. Serikali ya David Cameron ilipandisha kikomo hadi paundi 75,000 mwaka 2012. Kufikia 2024 kilikuwa kimevuka paundi 100,000, kisha Novemba mwaka huo kikashushwa hadi kati ya paundi 16,000 na 38,000 kutegemea eneo. Lakini hatima ya fedha hizo huamuliwa baadaye, mwenye nyumba anapotaka kuiuza tena, na hapo ndipo sheria ya England ina kasoro. Inalinda punguzo kwa kuhesabu miaka, ilhali kinachostahili kulindwa ni sehemu ya umma iliyomo ndani ya nyumba yenyewe.

Mwenye nyumba akiuza ndani ya mwaka wa kwanza, halmashauri inaweza kudai punguzo lote. Mwaka wa pili asilimia 80, wa tatu 60, wa nne 40, wa tano 20, na baada ya hapo hadaiwi kitu. Kwa manunuzi yaliyoanza tangu Januari 2005, dai hilo halihesabiwi kwa paundi zilizopunguzwa siku ile, bali kwa asilimia ya thamani ya nyumba siku inapouzwa. Tuseme nyumba ya paundi 200,000 ilipunguzwa paundi 30,000, yaani asilimia 15, kisha ikauzwa mwaka wa pili kwa paundi 240,000. Asilimia 15 ya bei mpya ni paundi 36,000, na asilimia 80 ya kiasi hicho, paundi 28,800, hurudi kwa halmashauri. Thamani iliyoongezwa na ukarabati wa mwenye nyumba mwenyewe haihesabiwi. Hii ni hesabu ya haki, kwa sababu inakiri kwamba aliyechangia asilimia 15 ya nyumba ana sehemu yake pia inapopanda bei. Kisicho na mantiki ni kwamba sehemu hiyo, iliyopimwa kwa uangalifu kiasi hicho, hufutika yote mwaka wa sita unapoanza.

Watetezi wa utaratibu huu hutaja haki ya halmashauri kupewa nafasi ya kwanza ya kununua nyumba inapouzwa ndani ya miaka 10. Ni kinga dhaifu. Halmashauri hupewa wiki 8 za kujibu, lakini bei ni ya soko. Iliyouza kwa punguzo hutakiwa kununua kwa bei kamili, na isipokuwa na fedha, wiki hizo hupita na nyumba huenda sokoni. Mwaka 2021 meya wa London, Sadiq Khan, alianzisha mpango maalumu wa kuzisaidia halmashauri kuzinunua tena nyumba za namna hiyo. Umma ukalipia nyumba moja mara mbili. Isitoshe, kupangisha si kuuza, kwa hiyo anayehama na kuipangisha nyumba hadaiwi chochote. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2014 na Tom Copley, aliyekuwa mjumbe wa Bunge la London, ulionyesha kuwa zaidi ya theluthi moja ya nyumba zilizouzwa na halmashauri za jiji hilo zilikuwa zikipangishwa na watu binafsi. Zipo halmashauri zinazozikodi nyumba hizo hizo ili kuzihifadhi familia zisizo na makazi.

Pingamizi zito ni hili: mtu aliyelipa kodi miaka mingi, kisha akabeba mkopo wa nyumba, kwa nini afuatwe na dai lisilokwisha? Akitaka kuhamia karibu na kazi mpya, nyumba anayoiendea nayo imepanda bei, na dai hilo linaweza kumfungia mlango. Hoja hii ina uzito, na jibu lake ni kumruhusu aihamishie sehemu ya umma kwenye nyumba nyingine atakayoishi mwenyewe. Sheria ya sasa tayari inawasamehe wanaohamisha umiliki kwa sababu ya talaka au urithi, na halmashauri ina hiari ya kutodai. Huruma hiyo ibaki. Asiyestahili kusamehewa ni anayeigeuza nyumba kuwa mtaji wa kupangisha.

Wengine husema benki zitaziogopa nyumba zenye masharti ya kudumu. Katika hifadhi za taifa na baadhi ya maeneo ya vijijini, nyumba nyingi za halmashauri ziliuzwa kwa sharti kwamba kila atakayezinunua baadaye awe ameishi au kufanya kazi eneo hilo kwa miaka 3. Ni kweli bei yake hushuka na baadhi ya benki husita. Lakini sharti hilo humchagua mnunuzi. Dai la asilimia hulipwa kutoka kwenye fedha za mauzo, na mnunuzi mpya hupokea nyumba isiyo na deni. Kenya imechagua njia ngumu zaidi. Sheria yake ya Nyumba za Gharama Nafuu ya 2024 inamzuia mnunuzi kuuza bila idhini ya maandishi ya bodi inayozisimamia nyumba hizo. Idhini humweka mwenye nyumba chini ya uamuzi wa ofisi, wakati asilimia humwacha huru, naye anajua tangu siku ya kutia saini atakachodaiwa.

Julai 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza nia ya kurefusha muda wa kudai punguzo kutoka miaka 5 hadi 10, na kulifanya punguzo lenyewe kuwa kati ya asilimia 5 na 15 ya thamani. Ni hatua njema, na punguzo dogo litapunguza hasara. Hata hivyo mwaka wa 11 utaleta kile kile kilicholetwa na mwaka wa sita, kwa kuwa kilichosogezwa ni tarehe tu. Bunge likiletewa sheria ya kutekeleza mabadiliko hayo, liifute ratiba ya miaka na kuiacha asilimia. Masharti ya kuuza tena huwekwa nyumba inaponunuliwa, kwa hiyo nyumba zinazotoka leo zinatoka kwa kanuni ya miaka mitano.